Gemu Imekataa Kufunguka: Kabla ya Kununua RAM, Angalia Imekwama Wapi

Jumamosi moja jioni Brayo, mwana wa jirani yangu hapa Umoja, Nairobi, alinibishia mlango akiwa amekumbatia mtambo mzima wa kompyuta, nyaya zikimning'inia magotini. "Anko, gemu imekataa kufunguka." Nyuma yake alikuja mamake, leso begani, na uso wa mtu aliyekwisha kutajiwa hesabu isiyompendeza. "Baba Neema, hebu tuangalilie. Fundi wa town anasema ni RAM pamoja na Windows, anataka 4,500. Na hii kitu tumeinunua juzi tu."

Nikachomeka. Ikawaka vizuri. Nikabonyeza gemu mara mbili, kikatokea kidirisha kidogo, kiduara kikazunguka, kikazunguka, halafu yakaja maandishi kwamba hakuna mtandao. Simu ya Brayo, iliyokuwa kwenye Wi-Fi ileile, ilikuwa inacheza video bila kukatika.

Nitarudi kwa Brayo. Nimeanza naye kwa sababu swali lake limekuwa la kila mtu. Tangu 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipofunga huduma ya kawaida ya Windows 10, kila gemu inayogoma mtaani inasemekana "imezimwa na Microsoft". Kuna waliouziwa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kuna waliofomatiwa kompyuta na kupoteza picha za harusi. Wengi wao shida yao ilikuwa ndogo, tena haikuwa ndani ya gemu.

Kibandaski cha alfajiri

Tuanze na maneno, maana nusu ya vurugu iko hapo. Gemu, kwa macho ya kompyuta, ni folda iliyojaa faili: picha, sauti, ramani, na faili moja inayoishia na .exe. Hiyo ya mwisho ndiyo unayoiamsha ukibonyeza. Lancha ni programu inayosimama mbele ya gemu, kama vile Steam au Epic, ambako uliinunua na ambako jina lako limeandikwa. Draiva ni programu inayotafsiri kati ya Windows na kifaa. Inayotuhusu zaidi hapa ni ya kadi ya grafiki, yaani sehemu inayochora kile unachokiona kwenye skrini. Na DLL ni faili yenye kazi za pamoja, ambayo programu nyingi huazima badala ya kila moja kuja na yake.

Hilo neno "huazima" lishike vizuri.

Mfikirie mama wa kibandaski. Saa kumi na moja alfajiri amefika na ufunguo wake, na mapishi anayo kichwani. Lakini maji analetewa na kijana wa mkokoteni, makaa yanatoka kwa muuzaji wa kona, sufuria kubwa ya chai ni ya jirani, na kanjo, askari wa jiji, akipita anataka kuona kibali. Ukifika saa moja ukute hakuna chai, bado hujui ni nani hakufika. Ukimshauri abomoe kibanda ajenge kingine, utamtia gharama, na kijana wa maji atakuwa bado amelala.

Gemu nayo hufunguka hivyohivyo. Windows huisoma ile .exe, hukusanya DLL zote ilizoagiza, draiva ya grafiki huitwa, gemu husoma mipangilio yako ya mara ya mwisho, lancha huuliza wewe ni nani, na kama ni gemu ya kushindana mtandaoni, programu ya kuzuia udanganyifu hukagua mtambo mzima. Mmoja asipofika, wewe unaona jambo moja tu: gemu haikufunguka. Ndiyo maana binamu yako aliyepona kwa kusasisha draiva na wewe uliyekosa DLL mnaweza kulalamika kwa maneno yaleyale, na dawa yake isikufae hata kidogo.

Toa mkono kwenye kipanya

Jambo la kwanza ninalomwomba mtu ni abonyeze mara moja, atoe mkono, aangalie. Sisi hubonyeza mara saba, kama tunaogonga geti la ploti usiku. Gemu ya kwanza ilikuwa inajifungua polepole, ya pili inaikuta njiani, zote zinakufa. Gemu nyingi za siku hizi, zikifunguliwa mara ya kwanza au baada ya draiva kusasishwa, hukaa dakika kadhaa zikiandaa maelekezo ya uchoraji yanayofaa kadi yako. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, skrini nyeusi ya dakika tatu bado si maiti.

Kama hakuna kitu kinachotokea kabisa, hata kidirisha, mara nyingi gemu ya jana haikufa vizuri. Imebaki nyuma ya pazia, na lancha inadhani bado unacheza. Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazoendelea, itakuonyesha, iue hapo. Au washa upya, lakini kwa kubonyeza Restart. Watu wengi hawajui kwamba kuzima kompyuta kwa Shut down na kuiwasha tena si sawa na Restart. Windows 10 na 11 zina mtindo wa kuwaka haraka: ukizima, huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski kama kilivyo, kisha kesho hukirudisha na makovu yake. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Nimeona "ugonjwa wa wiki mbili" ukiisha hapo, na mwenye kompyuta akiapa kwamba ameizima kila usiku.

Ukipata ujumbe unaotaja jina la faili, shukuru. Hiyo ni bahati. MSVCP140.dll au VCRUNTIME140.dll ikitajwa kuwa haipo, sufuria iliyokosekana inatoka kwenye kifurushi cha Microsoft kinachoitwa Visual C++ Redistributable. Ni cha bure, kinapatikana kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, na unahitaji vyote viwili, x86 (cha biti 32) na x64 (cha biti 64), hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu gemu ya biti 32 huazima kwa jirani wa biti 32 tu. Ujumbe wenye namba 0xc000007b mara nyingi ni mgongano huohuo: gemu ya biti 64 imepewa DLL ya biti 32, au kinyume chake.

Kisha kuna d3dx9_43.dll ya DirectX, yaani zana za Windows ambazo gemu huzitumia kuchora, inayowachanganya watu kuliko zote. "Kompyuta yangu ina DirectX 12, kwa nini gemu inalilia ya 9?" Kwa sababu Windows ilikuja na DirectX yake mpya bila vile vifaa vya ziada ambavyo gemu za miaka ile zilizoea kuazima. Microsoft bado inavitoa katika kifurushi cha Juni 2010. Ukikiweka hakiharibu ya 12. Vinakaa pamoja kama sufuria na kikaango.

Usichofanya ni kuandika jina la DLL kwenye Google na kuipakua peke yake kutoka tovuti ya kwanza inayojitokeza. Hujui aliyeipakia ni nani wala amechanganya nini ndani, na mara nyingi ni ya toleo lisilolingana na zenzake. Ukikosa sufuria huokoti iliyotupwa jalalani.

Core i5 ya mwaka gani?

Sasa skrini nyeusi: gemu inafunguka, sekunde mbili, tatu, inarudi ulikotoka bila neno. Hapa mashaka yangu ya kwanza huenda kwa draiva ya grafiki, na ya pili kwa umri wa mtambo.

Kompyuta nyingi tunazonunua Nairobi ni ex-UK. Zilikaa kwenye ofisi za watu huko kwa miaka, zikafutwa vumbi, zikaletwa. Makala hii naiandikia kwenye mojawapo na sina ugomvi nayo. Lakini muuzaji akikwambia "hii ni Core i5" amekutajia nusu ya jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Ni sawa na kuambiwa gari ni Corolla bila mwaka. Angalia namba inayofuata: i5-650 ni kizazi cha kwanza, i5-2400 cha pili, i5-6500 cha sita, i5-10400 cha kumi. Zote ni i5, na kati ya ya kwanza na ya mwisho kuna miaka kumi.

Umri huo haumaanishi kasi peke yake. Mwaka 2011 prosesa za Intel za kizazi cha pili zilikuja na amri mpya za hesabu zinazoitwa AVX, na mwaka 2013 kizazi cha nne kikaongeza AVX2. Pentium na Celeron nyingi za miaka hiyo zilinyimwa. Gemu iliyoandikwa kwa kutegemea amri hizo ikifika kwenye prosesa isiyozijua huanguka palepale, mara nyingi bila kuaga. Hapo hata ukiweka RAM ya GB 32 hujafanya kitu. Ni kumsomea mtu barua kwa lugha asiyoijua, kisha kurudia kwa sauti kubwa zaidi.

Kadi ya grafiki ina mtego wake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag. Ukurasa wa kwanza utakuambia DirectX 12, na wengi husimama hapo wakifurahi. Hiyo 12 ni ya Windows. Uwezo wa kadi umeandikwa kwenye ukurasa wa Display, mstari wa Feature Levels. Grafiki za Intel HD 3000, zilizo ndani ya kompyuta nyingi za kizazi cha pili, zinaishia 10_1. Gemu inayotaka 11 haitafunguka hapo kamwe. Za kizazi cha nne zilikuwa na DirectX 12, lakini Intel yenyewe ikaizima kupitia draiva baada ya kugundulika mwanya wa kiusalama. Kwa hiyo inawezekana kabisa gemu ilifunguka kwenye draiva ya zamani, ukasasisha kama ulivyoshauriwa, ikakataa. Hukurogwa.

Kabla ya kulaumu umri, hakikisha gemu inatumia kadi unayodhani inaitumia. Laptopu zenye kadi mbili, ya Intel na ya NVIDIA, wakati mwingine huikabidhi gemu ile dhaifu ili kuokoa betri. Kwenye Settings, sehemu ya Display kisha Graphics, unaweza kuilazimisha itumie yenye nguvu. Na kwenye kompyuta za mezani, geuza mtambo uangalie waya wa skrini umechomekwa wapi. Mwenzangu mmoja alitumia kadi mpya miezi mitatu huku waya ukiwa kwenye tundu la juu, la ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta. Kadi ilikuwa imekaa tu humo ndani, inakula stima.

Usipoona ujumbe wowote, Windows yenyewe huweka kumbukumbu ya msiba. Tafuta "reliability" kwenye menyu ya mwanzo, fungua ile grafu ya siku, ubonyeze alama nyekundu ya siku hiyo. Utaona jina la gemu na chini yake moduli, yaani faili, iliyoanguka. Jina likianza na nv, kama nvwgf2umx.dll, ni draiva ya NVIDIA; likianza na atidx ni ya AMD; igd ni ya Intel. Ukikuta ntdll.dll usishangilie, hilo hutajwa kwenye kila aina ya ajali na halikuambii mengi.

Mipangilio ya mwenye mali wa zamani

Hili ni fupi lakini linasumbua. Gemu hukumbuka ukubwa wa skrini uliyotumia mwisho. Ukiichomeka kompyuta kwenye TV ya sebuleni wikendi, kisha Jumatatu ukarudi kwenye skrini ndogo, inaweza kujaribu kujichora kwa vipimo visivyowezekana na kufa. Mipangilio hiyo hukaa nje ya folda ya gemu, ndani ya Documents au AppData, na ndiyo sababu kuifuta gemu na kuirudisha wakati mwingine hakubadilishi chochote: ugonjwa ulibaki nyumbani. Ibadilishe jina folda hiyo, uongeze "-zamani" mwishoni, ufungue gemu iunde nyingine. Usiifute, maana mara nyingi ndimo yanamokaa maendeleo yako yote ya gemu. Na kama Documents yako imehamishiwa OneDrive, gemu inaweza kukuta faili haipo kwenye diski kwa sababu imekaa mawinguni, ikisubiri bando.

Yanayosemwa mtaani

RAM. Ikiwa kidogo, kwa kawaida gemu hufunguka, kisha husota au huanguka wakati ramani inapakiwa. Kukataa tangu mwanzo kwa sababu ya RAM kupo, hasa diski ya C ikiwa imejaa hadi Windows haina pa kuegesha ziada, lakini ni kwa nadra kuliko mauzo ya RAM yanavyoonyesha. Na usiuamini kila ujumbe unaotaja kumbukumbu. Mwaka 2024 wenye prosesa za mezani za Intel za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wakipata ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha, tena kwenye kadi za bei ya gari. Kadi zilikuwa nzima. Prosesa ndizo zilizokuwa zikiharibiwa na umeme wa volteji isiyofaa, na Intel ikatoa marekebisho Agosti mwaka huo. Kijana wa maji ndiye aliyechelewa, lawama zikamwendea muuza makaa.

Kufomati. Uvumi huu haufi kwa sababu mara nyingine kufomati huleta nafuu: hurudisha draiva, DLL na mipangilio yote mwanzo, na mojawapo ndiyo iliyokuwa mbaya. Ni kuhama ploti kwa sababu balbu imeungua. Huko mpya taa itawaka, sikatai. Gharama yake kwetu ni kubwa zaidi kuliko kwa watu wenye intaneti isiyo na kikomo. Gemu ya GB 60, kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, inachukua zaidi ya saa 13 kushuka, na hiyo ni kama stima haikupotea na hakuna mwingine nyumbani anayetazama sinema.

Badala yake, iambie lancha ikague faili. Kwenye Steam, bonyeza gemu kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha Installed Files, uchague kuthibitisha. Italinganisha kila faili na orodha yake na kushusha zilizoharibika tu. Mara nyingi ni megabaiti chache. Epic nayo ina kazi hiyo. Tokeni za stima zikiisha katikati ya sasisho, jambo tunalolijua sote, faili hubaki nusu, na huu ndio ukaguzi wa kwanza ninaoufanya kabla ya kugusa kitu kingine.

Windows 10. Haijazimwa. Inawaka, na gemu zinaendelea kufunguka. Ilichopoteza ni masasisho ya kawaida ya usalama. Waliofungiwa kweli ni wengine: Steam iliacha kuzihudumia Windows 7 na 8 tangu 1 Januari 2024, na matoleo ya Windows ya biti 32 tangu 1 Januari 2026. Hivyo kama umenunua kompyuta yenye RAM ya GB 4 ambayo mtu aliiwekea Windows 10 ya biti 32 ili iwe nyepesi, hapo una kesi. Na Windows mpya si kinga. Mwishoni mwa 2024 waliopandisha Windows 11 hadi toleo la 24H2 walikuta gemu za Ubisoft kama Assassin's Creed Valhalla na Star Wars Outlaws zikiganda wakati wa kufunguka, hadi Microsoft ikasimamisha sasisho hilo kwa kompyuta zenye gemu hizo. Kosa halikuwa la mteja hata chembe, na dawa ilikuwa kusubiri.

Antivairasi. Hapa tuseme ukweli wa mjini. Gemu nyingi mtaani hazikutoka kwenye lancha yoyote. Mtu alipeleka diski yake, akapakiwa. Nakala hizo zimefunguliwa kufuli kwa kubadilisha faili moja au mbili, na Windows Defender ikizikuta huzitia karantini. Gemu iliyofunguka dukani inakataa nyumbani, na ushauri unaotolewa ni kuzima antivairasi. Mimi sitoi ushauri huo. Faili iliyobadilishwa na mtu usiyemjua huwezi kuitofautisha kwa macho na ile iliyowekewa mdudu wa kuiba nywila zako au wa kuchimba sarafu za mtandaoni kwa stima yako. Lakini gemu uliyoinunua kihalali nayo huweza kushukiwa kimakosa. Angalia historia ya karantini, na kama faili inatoka kwa mtengenezaji anayejulikana, irudishe na kuiruhusu hiyo moja peke yake.

Kanjo mlangoni

Hatua ya mwisho ni ya vibali, na ndiyo inayozidi kuwa kali mwaka hadi mwaka. Gemu za kushindana zina programu za kuzuia udanganyifu zinazoingia ndani kabisa ya Windows. Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 (kichipu cha usalama) na Secure Boot (ukaguzi unaozuia programu isiyoaminika wakati wa kuwaka) viwe vimewashwa; Battlefield 6, iliyotoka Oktoba 2025, nayo inataka Secure Boot. Hizi ni swichi ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama kabla Windows haijaamka. Usiziguse kwa pupa. Kwenye kompyuta ya zamani ambayo diski yake imegawanywa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR, ukibadilisha mtindo wa kuwaka ili upate Secure Boot bila kuigeuza diski kwanza, Windows yenyewe haitawaka. Utakuwa umetoka kwa gemu isiyofunguka ukaingia kwa kompyuta isiyofunguka.

Wenye CD za zamani kanjo wao alistaafu. Gemu nyingi za miaka ya 2000 zililindwa kwa SafeDisc, na Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikataa kuibeba draiva ya ulinzi huo kwa sababu za usalama. CD yako ni halali, haina mkwaruzo, na haitafunguka. Gemu hizo zikiuzwa tena kwenye maduka ya mtandaoni, mara nyingi huwa zimeondolewa kufuli hilo.

Sasa Brayo. Lancha yake ilikuwa inasema hakuna mtandao wakati mtandao upo. Nikafungua kivinjari, kurasa nazo zikalalamika kwamba muunganisho si salama. Brayo akasema, "Hiyo huwa inafanya hivyo, mimi hubonyeza tu nipite." Nikaangalia kona ya chini kulia ya skrini, mahali ambapo hakuna anayetazama.

1 Januari 2012.

Lancha inapozungumza na seva yake huomba kwanza cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kama leseni ya matatu. Kwa kompyuta ya Brayo, iliyoamini kwamba ni mwaka 2012, cheti cha leo kilikuwa hakijaanza kutumika. Ikakataa kuzungumza, na lancha, kwa kukosa neno bora, ikaandika "hakuna mtandao".

"Mama Brayo, hii kompyuta usiku mnaizima vipi?"

"Nazima kwa soketi, Baba Neema. Zile tokeni si unajua."

Ndani ya ubao mama mna kibetri cha duara, ukubwa wa sarafu, kinachoitwa CR2032. Kazi yake ni kuiwekea kompyuta saa wakati hakuna stima. Huko ofisini ilikotoka, mtambo huu ulikuwa umechomekwa mchana na usiku kwa miaka, na kompyuta ya mezani iliyochomekwa, hata ikiwa imezimwa, hupata stima kidogo inayotosha kushika saa. Dukani ilikuwa vilevile. Kibetri kilikuwa kimekwisha zamani na hakuna aliyejua, hadi kilipofika kwenye nyumba ambayo soketi huzimwa saa tatu.

Brayo alitumwa kwa muuza saa pale stendi, akarudi na kibetri cha shilingi 100. Tukafungua mfuniko, nikakitoa kile cha zamani kwa ncha ya kisu cha siagi, tukaweka kipya, tukarekebisha tarehe. Lancha ikafunguka, ikaomba kushusha sasisho la GB 3, na hapo mamake akauliza bando ni la nani.

Soketi bado inazimwa kila usiku. Asubuhi saa iko palepale.